Simu Imelala Chali

Friji la hoteli lilipona Jumanne.
Wewe ukarudi Jumamosi.
Siku tatu hizo, Lali, bado nazipapasa
kama mtu anayepapasa pengo kwa ulimi
siku aliyong'olewa jino.

Sikupiga kelele. Kuta za Mkomani ni nene
lakini madirisha yake yana masikio,
na mama alinifunza kulia
huku nachambua mchele.
Nilikuuliza jina lake tu. Ukalitaja.
Tangu hapo yule binti wa jirani, wajina wake,
nikimtuma dukani namwita
"wewe mwanangu".

Mama yako akaja na mofa chini ya kawa,
akaketi, akashusha pumzi, akasema
kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Nikamwambia: kweli, Ma,
ila mhunzi huuliza kwanza nani aliyelivunja.
Akanitazama. Tukala mofa.
Zilikuwa moto bado.

Miezi miwili ukalala msana wa tini,
mkeka, shuka moja, na mbu wako.
Sikukufukuza, sikukuita.
Mvua ilipovuja upande ule
ukahamia msana wa yuu bila kuniuliza,
nami nikajifanya sikuona,
kwa kuwa niliona
umelala kitako, mgongo ukutani,
kama mgeni asiyejua atapewa chai au la.

Simu yako, iliyokuwa ikilala kifudifudi
kama mtoto mwenye homa,
sasa inalala chali.
Namba ya siri umenipa: mwaka aliozaliwa Mwanate.
Nimeifungua mara kumi na nne.
Nimesoma bei ya gesi, salamu za Idi,
mtu wa Faza anayekudai kapasita.
Sikupata kitu,
na kutopata kitu hakukunipa usingizi hata robo.
Hili sijakwambia: mlinzi wa jela
naye hulala jela.
Mara ya kumi na tano niliuona uso wangu
kwenye kioo cheusi kabla hakijawaka,
nikairudisha pale pale, chali,
nikaenda kunawa mikono.

Kisha Malindi wakakuita tena.
Ungekataa? Ada ya shule haikatai.
Usiku ukanipigia, ukazungusha kamera:
kitanda hiki, dirisha hili,
mlango wa friji wazi, kamba wamegandishwa
wamekunja mikia kama wanaosujudu.
Nikakwambia basi, Lali, usinionyeshe chumba.
Nambie umekula nini.
Ukafikiri.
"Ndizi mbili na chai. Chai ilinuka moshi."

Chai ya moshi mtu haibuni.
Nikauamini moshi ule.
Mengine bado.

Friji likapona Alhamisi.
Ijumaa, kabla ya khutba, ulikuwa dakani
na vumbi la njia ya Mokowe kwenye nyusi,
mkononi mfuko wa mabungo
ambayo sikuyaagiza
na ambayo, Mungu anisamehe, niliyahesabu
kama ushahidi.

Na leo usiku, saa saba na kitu,
simu imetetemeka huko ulikolala.
Mwanga wake umepanda hadi darini.
Nimehesabu boriti: kumi na moja,
ya tatu ina ufa, ile uliyoniambia
mwaka tulipohamia, "Hii itashika,"
nami sikuuliza umejuaje.

Sijasema "Nani?"
Nimelibana neno hilo kwa meno
mpaka Mwanate akakohoa, akageuka.
Ndipo sauti yako, gizani, haijaulizwa:
"Ni yule wa kapasita."
"Mlipe," nimesema.
"Nitamlipa Jumatatu."

Jumatatu nitajua. Au sitajua.
Nimeinuka, nimelishika pazia la ndani,
nimelifunga fundo lisishuke.
Si mwaliko, usije ukadhani.
Joto la leo limezidi,
na upepo ukitoka kiwandani
lazima upite kwako kwanza.